Kama huna hela ya kahawa, mjini utakaa wapi?

Muulize kijana yeyote wa Nairobi swali hili: uko tao, mfukoni una nauli ya kurudi nyumbani tu, na kuna mtu unamngojea kwa masaa mawili. Utakaa wapi? Wengi watacheka kwanza, halafu watakwambia Archives.

Sawa, Archives ndiyo sebule yetu. Pale karibu na sanamu ya Tom Mboya ndipo miadi yote ya jiji hili huanzia, ya mapenzi, ya deni, hata ya kuuziana simu. Lakini watu wengi pale wamesimama. Aliyebahatika kupata ukingo wa kukalia haubanduki.

Ukitaka kiti, utaambiwa uende kwenye majumba ya maduka. Tumejengewa mengi. Sarit Centre ilifunguliwa Westlands mwaka wa 1983, na Two Rivers ikafuata kule Limuru Road mwaka wa 2017. Katikati hapo yameota mengine, hasa Thika Road. Mimi sina kinyongo nayo. Choo ni safi, hakuna wa kukupokonya simu, na Jumapili ukivaa vizuri unaweza kuzunguka ukila kwa macho hadi jioni, ukapiga na picha mbili tatu.

Tatizo ni moja: pale ni kwa mtu. Kiti unachokalia kina mwenyewe, na mwenyewe anataka ununue kitu. Niliwahi kukaa kwenye eneo la vyakula la jumba moja nikijikinga mvua, mlinzi akaja akaniuliza kwa upole nimeagiza nini. Hakunitukana, alikuwa anafanya kazi yake. Nilisimama nikatoka. Bei ya kahawa ya pale ni chakula changu cha siku nzima kwa kibanda.

Sasa vuka Moi Avenue ushuke chini. Huku ndiko kwetu. Luthuli kuna redio zinashindana kwa kelele, River Road kuna kila kitu, na kwenye eksibisheni unabishana bei mpaka muuzaji anakuita ndugu. Smokie na yai la kuchemsha vinakushibisha bila kukufilisisha. Hapa hakuna anayekuuliza umeagiza nini, ila pia hakuna pa kukaa. Ukisimama sana mahali pamoja, mkokoteni unakusukuma, au unaanza kuangalia nyuma kama kanjo wanakuja.

Hili si suala la starehe tu. Mfikirie yule dada aliyetoka Kayole asubuhi na bahasha yake ya kaki. Ofisi ya kwanza amemaliza saa nne, ya pili wamemwambia arudi saa nane. Hana hela ya hoteli na viatu vinamuuma. Jiji linamtaka atafute kazi, halafu linamnyima mahali pa kupumzika akitafuta.

Na msidhani bustani tulizo nazo zilibaki kwa bahati. Jeevanjee Gardens tulipewa wananchi na mfanyabiashara A. M. Jeevanjee mwaka wa 1906. Mwaka wa 1991 ulipotokea mpango wa kujenga pale, Zarina Patel, mjukuu wake, aliongoza watu kuupinga. Miaka miwili kabla, Wangari Maathai alikuwa amesimama kidete dhidi ya jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, akadhihakiwa kwa ajili hiyo. Wangenyamaza hao, leo pale pote tungekuwa tunakaguliwa mifuko mlangoni na kuulizwa tumeagiza nini. Badala yake, mtu analala nyasini mchana na hakuna anayemdai chochote.

Kwa hivyo serikali ya kaunti isikie hili. Hatuombi makubwa. Tunaomba mabenchi, miti ya kivuli, maji na vyoo, na zaidi upande wa chini wa Moi Avenue, ambako watu ndio wengi. Inawezekana: Luthuli ilipotengenezwa upya mwaka wa 2019, magari yalipunguziwa nafasi na wapita njia wakaongezewa. Maktaba ya McMillan, iliyofunguliwa mwaka wa 1931, itunzwe na iongezewe viti. Na bustani za katikati ya jiji zibaki za bure. Ukiweka tiketi mlangoni, umefungua duka jingine.

Nasi vijana tuna kazi yetu. Chupa uliyomaliza usiiache nyasini. Na siku ukiona mabati yamezungushwa kwenye uwanja wa mtaa wenu, usipite tu ukisema hayakuhusu. Uliza nani ameyaweka, anajenga nini, na nani alimpa ruhusa. Uliza mapema, kabla jengo halijafika ghorofa ya kwanza.