Emily Hale Hakuwa Kivuli

Akitajwa T. S. Eliot, mshairi aliyepewa Tuzo ya Nobeli mwaka 1948, Emily Hale hukumbukwa kwa mstari mmoja tu: rafiki yake wa ujanani huko Massachusetts, mwalimu ambaye hakuolewa. Nyuma ya mstari huo kuna madai yanayorudiwa mno, nami siyakubali.

Wanasema mwanamke huyu ndiye aliyemng'ang'ania mwenzake. Kati ya 1930 na 1957 Eliot alimwandikia barua 1,131. Piga hesabu: ni barua moja karibu kila siku tisa, kwa miaka 27. Tena ni Eliot aliyekiri mapenzi, mwaka ule ule wa 1930, akiwa bado mume wa Vivienne.

Wanasema pia alijidanganya kuhusu ndoa. Alidanganywa na nini? Eliot ndiye aliyemweleza kwamba kikwazo ni Kanisa la Uingereza, ambalo wakati huo halikuruhusu talaka. Vivienne alifariki Januari 1947, kikwazo kikaondoka, na Eliot akabadili maneno. Miaka kumi baadaye alimwoa katibu wake, Valerie Fletcher. Tumaini la Hale lilijengwa juu ya maneno aliyoambiwa.

Dai linaloniuma zaidi ni kwamba hakuujali ushairi. Hili aliliandika Eliot mwenyewe mwaka 1960, katika maelezo aliyoagiza yafunguliwe siku barua zake kwa Hale zitakapofunguliwa. Humo anasema pia kwamba hakumpenda kweli, bali alipenda kumbukumbu. Wengi huyapokea maelezo hayo kama neno la mwisho. Mimi naitazama tarehe: yaliandikwa na mtu aliyekwisha kuoa kwingine. Mwaka 1934 mtu huyo huyo alitembea na Hale katika bustani ya Burnt Norton, Gloucestershire, penye madimbwi yaliyojengewa yasiyo na tone la maji. Shairi alilolipa jina la mahali pale alimwambia Hale, kwa barua, kuwa ni la mapenzi na limeandikwa kwa ajili yake. Na Hale alikuwa nani? Alifundisha maigizo na matumizi ya sauti katika vyuo vya Scripps, California, na Smith, Massachusetts. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kumsimamisha mwanafunzi jukwaani na kumfundisha neno litamkwe vipi, na pumzi ivutwe wapi. Mtu wa namna hiyo si kiziwi wa ushairi.

Kuna wanaosema aliitoa hazina ile kwa kisasi, baada ya kuachwa. Barua alizikabidhi Chuo Kikuu cha Princeton mwaka 1956. Eliot alioa Januari 1957. Sharti lilikuwa zifungwe hadi ipite miaka 50 tangu kifo cha atakayebaki nyuma kati yao wawili. Eliot alifariki 1965, Hale 1969. Makasha ya mbao yaliyokazwa kwa mikanda ya shaba yalikaa hivyo miaka na miaka, na wasomaji wakaruhusiwa kuzigusa karatasi zile tarehe 2 Januari 2020. Sijui kisasi gani husubiri wahusika wote wawe kaburini.

Na wanaodai kwamba sauti yake haisikiki kwa sababu hakuwa na la kusema, wajue hili: alimjibu Eliot kwa miaka yote hiyo. Eliot aliagiza barua za Hale zichomwe, zikachomwa.