Mgeni Siku Mbili: Hoja Kuhusu Siku ya Kwanza Darasani katika Shule za Kilimanjaro

Methali ya Kiswahili yasema kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Kwa kawaida methali hii hutajwa ili kumkumbusha mgeni wajibu wake wa kufanya kazi. Ni nadra watu kukumbuka kwamba nusu yake ya kwanza humfunga mwenyeji: zipo siku mbili ambazo mgeni hadaiwi chochote ila kuketi, kula na kuwafahamu watu wa nyumba. Mwanafunzi aingiaye kidato cha kwanza mwezi wa Januari, iwe mjini Moshi au katika shule iliyo juu migombani, Kibosho, Marangu au Rombo, hapewi siku hizo. Fomu za kujiunga na shule nyingi humtaka afike na jembe au fyekeo, ndoo na fagio. Jembe analo mkononi kabla hajalijua jina la jirani yake wa dawati.

Jembe hilo, hata hivyo, ni jepesi likilinganishwa na jingine atakalokabidhiwa asubuhi hiyo hiyo, yaani lugha. Katika shule ya msingi ya umma mtoto huyu amefundishwa hisabati na sayansi kwa Kiswahili. Sasa anatakiwa ajitambulishe, aulize na ajibu kwa Kiingereza. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 1995 iliweka Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi, na Kiingereza katika sekondari. Sera ya mwaka 2014 ilikitaja Kiswahili kuwa lugha ya kufundishia katika ngazi zote, huku ikitaka Kiingereza kiendelee kuimarishwa. Lakini katika madarasa ya sekondari Kiingereza kimebaki kuwa lugha ya masomo karibu yote. Ni kweli kwamba shule nyingi hutanguliza majuma kadhaa ya mafunzo ya awali ya Kiingereza, na jambo hilo ni jema. Walakini mafunzo hayo hushughulikia msamiati na sarufi. Hofu ya mwanafunzi huachwa ijitafutie dawa yake yenyewe.

Yafaa kutazama namna hofu hiyo inavyozaliwa. Mwalimu huingia, husalimu kwa Kiingereza, kisha humtaka kila mmoja asimame na kueleza jina lake, shule atokako na somo alipendalo. Wa kwanza hukosea, darasa likacheka. Wa pili husema nusu sentensi akaketi. Wa tatu, ambaye pengine ndiye aliyekuwa mwenye akili kuliko wote katika shule ya kijijini kwake, huinamisha kichwa na kunong'ona. Mwalimu hakukusudia ubaya wowote. Lakini kwa muda wa nusu saa darasa zima limejifunza somo ambalo halimo katika muhtasari: kwamba anyamazaye ndiye aliye salama. Mwezi wa Machi walimu watakapolalamika kwamba wanafunzi hawaulizi maswali, watakuwa wanavuna walichokipanda Januari.

Katika mkoa wa Kilimanjaro jambo hili lina sura yake ya pekee. Kichaga ni mfululizo wa lahaja, na Mmachame na Mrombo hawaelewani kwa urahisi kila mmoja akishika ya kwao. Zaidi ya hayo, madarasa ya Moshi yana Wapare na Wakahe, na watoto wa wafanyakazi waliotoka mikoa mingi kuja kulima miwa katika shamba la sukari la TPC, Arusha Chini. Shule kongwe za bweni kama vile Old Moshi, Umbwe, Weruweru na Ashira zimepokea kwa miaka mingi vijana kutoka pembe nyingi za nchi. Lugha iliyowafanya wote hao kuwa darasa moja ni Kiswahili. Kuiondoa saa ile ile wanapokutana ni sawa na kuwaalika watu karamuni kisha kuuondoa mkeka.

Aidha, kuna suala la majina. Mwalimu mwenyeji wa mlimani asomapo orodha ya mahudhurio, majina ya koo kama vile Massawe, Mushi, Lyimo au Kimaro humpa habari nyingi. Hutabasamu, akauliza habari za nyumbani, pengine akatupia neno la Kichaga. Kwa mtoto huyo ni makaribisho makubwa. Lakini afikapo kwenye jina asilolijua, hulisoma kwa kusitasita na kuendelea. Hakuna aliyetukanwa, na bado mtoto mmoja amejua kwamba yeye ni wa nyumba hii na mwingine kwamba ni mpita njia.

Wazee wa mlimani hawakuwa wageni wa tatizo la kumwingiza kijana katika hali mpya. Mmisionari Bruno Gutmann, aliyefanya kazi Old Moshi, alichapisha kati ya miaka ya 1932 na 1938 majuzuu matatu ya mafundisho waliyopewa vijana wa Kichaga. Mwaka 1940 O. F. Raum alitoa kitabu chake kuhusu malezi ya mtoto wa Kichaga, Chaga Childhood. Kazi hizo zaonyesha mafunzo yaliyotolewa kwa utaratibu, na wakubwa waliojua wajibu wao kwa kijana. Nao Waswahili wa pwani wana neno linalobeba wazo hilo hilo: somo. Ni funzo la darasani. Ni rafiki wa moyoni. Tena ni yule amfundaye mwari na kumshika mkono unyagoni. Lugha iliyoyaweka mambo haya matatu katika neno moja imekwisha kuwapa walimu falsafa ya siku ya kwanza.

Wapo watakaosema kwamba huku ni kudekeza. Watadai kwamba mtoto hujifunza kuogelea kwa kutoswa majini, na kwamba mitihani ya kidato cha pili haimsubiri mtu. Hoja ya muda ni nzito, hasa tangu mwaka 2016, elimu ya sekondari ya umma hadi kidato cha nne ilipoanza kutolewa bila ada na madarasa yakajaa. Lakini siku mbili kati ya miaka minne si hasara. Na anayemtosa mtoto majini humtazama asizame. Darasa lenye wanafunzi wengi halimpi mwalimu nafasi ya kuona ni nani aliyekwisha kuzama kimya kimya.

Linalopendekezwa ni dogo. Kwanza, siku mbili za mwanzo mwanafunzi ajitambulishe kwa Kiswahili, na Kiingereza kianze siku ya tatu, kwa maneno ambayo wameyafanyia mazoezi pamoja. Pili, mwalimu aipitie orodha kabla ya kuingia darasani, aulize namna ya kutamka asilolijua, na amwulize kila mtoto swali lile lile. Tatu, kila mgeni apewe somo wake kutoka kidato cha pili au cha tatu, kwa jina na mbele ya mwalimu. Ikiwa shule haimpi mgeni somo, bweni litampa bwana, na vijana waitwao njuka wanajua maana yake.

Wajibu huu unamwangukia zaidi mwalimu wa Kiswahili, kwani kipindi chake ndicho mahali ambapo mwanafunzi mpya anaweza kusema sentensi nzima bila woga. Idara za Kiswahili zinazomwandaa mwalimu huyo humfundisha ngeli, ushairi na nadharia za fasihi. Zimfundishe pia kupokea watu. Siku ya tatu jembe litolewe bila huruma, maana kazi ipo na ni nyingi. Lakini litolewe kwa mtu ambaye jina lake linajulikana, na ambaye sauti yake imekwisha kusikika ndani ya nyumba.