Toroli la Treni za Makopo

Juzi jirani alinikuta nyuma ya nyumba nikipiga randa mbao za mgrevilea. Akauliza natengeneza nini. Nikamjibu: toroli la kuwekea treni za wajukuu. Akacheka sana. "Mzee, mbao nzuri hivyo kwa ajili ya makopo?"

Ndugu msomaji, mimi nasema ndiyo, kwa ajili ya makopo.

Treni hizo wajukuu waliziunda wenyewe hapa kihambani, juu ya mji wa Moshi. Mabehewa ni makopo ya samaki, magurudumu ni vifuniko vya soda, na reli ya waya mnene inazunguka chini ya migomba. Sote tuliwasifu. Lakini masika yalipofika, nani aliuliza zitalala wapi? Tulizirundika kwenye gunia. Tulipolifungua mwezi wa sita, tulikuta kutu, kulabu zimekatika na mabehewa yamepondeka. Mtoto mmoja alilia, na tangu siku hiyo hajaunda nyingine.

Ndiyo maana natengeneza toroli. Lina rafu mbili, na kila rafu ina njia zenye upana uleule wa reli ya nje. Ubao mfupi unaegeshwa kati ya reli na rafu, treni inasukumwa taratibu mpaka ndani, bila kuinuliwa; maana ni katika kuinua ndipo kulabu hukatika. Magurudumu ni ya baiskeli ya mtoto, kwa sababu beringi huzama kwenye udongo mbichi. Kabari mbili ni za lazima, maana huku kwetu kila kitu kinateremka. Juu nitafunika turubai, ubavuni nitaacha wazi hewa ipite.

Wapo watakaosema huo ni mchezo tu. La hasha! Ugonjwa wetu ni huu: kuunda tunakusifu, kutunza tunakudharau. Siku ya uzinduzi tunapiga ngoma. Siku ya kupaka grisi hakuna anayehudhuria. Reli ya kutoka Tanga ilifika Moshi mwaka 1911. Katika miaka ya 1990 treni ya abiria ikakoma, nyasi zikaota katikati ya reli, na kizazi kizima kikakua bila kusikia honi yake. Ilirudi Desemba 2019, baada ya kazi kubwa ya kufufua njia. Wahenga walikwisha sema: usipoziba ufa utajenga ukuta.

Basi tusishangae. Mtu mzima aliyefunzwa utotoni kwamba kazi ya mikono yake mahali pake ni guniani, atajifunzia wapi kutunza mali ya wote?

Anayemsifu mtoto kwa alichounda, kisha asimpe mahali pa kukiweka, amemsifu kwa mdomo tu.

Kesho napaka rangi. Jirani na aje acheke tena; lakini aje na brashi.