Mgongo wa mama na mkeka wa yoga

Juma hili najibu swali la mama mmoja wa kikundi cha shamba. Binti yake ameolewa na anaishi Kanada. Siku hizi akipiga simu ya WhatsApp, anamwonyesha mama yake namna anavyojikunja na kujinyoosha juu ya mkeka mwembamba wa mpira. Anasema ni yoga. Mgongo ulikuwa unamsumbua, na tena anajitayarisha kwa wakati wa baridi, maana yeye na mume wake wanapenda kwenda mlimani kuteleza juu ya ubao. Mama akaniuliza: "Mwalimu, hiyo ni mchezo, ni dawa, ao ni dini?" Wenzetu walicheka sana. Lakini swali ni zuri, kwa sababu sijaona bado mkutano wetu mmoja ambamo hakuna mama anayeshika kiuno wakati wa kusimama.

Nianze na huo ubao. Theluji si mambo ya Wazungu peke yao. Hapa Kongo iko, juu ya Ruwenzori, mpakani na Uganda, pale kilele cha Margherita kinapofika mita 5109. Mwaka 2018 dada mmoja mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, Sabrina Simader, aliiwakilisha Kenya katika Olimpiki ya wakati wa baridi kule PyeongChang, Korea ya Kusini. Yeye anateleza na mbao mbili, moja kila mguu. Mchezo wa binti yetu wa Kanada ni wa ubao mmoja, unaitwa snoubodi: miguu yote miwili inafungwa juu ya ubao, mtu anasimama ubavu-ubavu, anakunja magoti, anashuka mlima. Anageuza ubao kwa miguu, magoti na nyonga.

Sisi watu wa mtoni hatuhitaji maelezo marefu. Angalieni mtu anayepiga kafi akiwa amesimama ndani ya mtumbwi. Miguu imeachana, magoti ni laini, kiuno kinacheza, kichwa kimetulia. Akikaza mwili kama mti, maji yanamwangusha. Mtu wa ubao ni vilevile: akiwa na mapaja dhaifu na kiuno kigumu, theluji inamwangusha, na wa kwanza kulalamika ni mgongo. Ndiyo maana anatumia mkeka kabla ya kwenda mlimani. Yoga inamfundisha kusimama bila kuyumba, inatia nguvu katika mapaja na tumbo, inalegeza nyonga.

Sasa turudi kwetu, maana hapa Yahuma hakuna wa kuteleza juu ya theluji, lakini migongo inauma.

Bidoni ya maji ya lita 20 ni kilo 20. Weka mtoto mgongoni. Ongeza kitunga cha mihogo, kamba begani ao kwenye kipaji, na njia ya shamba yenye matope. Ukifika nyumbani unainama kumenya, unainama kutwanga pondu, unainama kufagia, unainama kufua. Wamama wengine wananiambia: "Mwalimu, sisi tunafanya kazi toka alfajiri, mazoezi ya nini tena?" Ninawajibu hivi: kazi yetu inauvuta mwili upande mmoja tu, mbele na chini. Misuli ya nyuma inavutika kutwa nzima, ya kifua na ya mbele ya nyonga inajikunja na kuwa mifupi, ya tumbo inalala. Mazoezi yanarudisha upande ule ambao kazi haiufikii. Chalo yote ya mwaka haiwezi kufanya hivyo.

Na tusifikiri ni sisi tu, wala kwamba kuna mtu ametutupia kitu. Shirika la Afya Ulimwenguni linahesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na wanawake ni wengi kuliko wanaume. Mara nyingi hakuna mfupa uliovunjika wala ugonjwa mwingine ndani. Ni misuli, mishipa na viungo vilivyochoka. Zamani waganga walikuwa wanasema: lala kitandani mpaka ipite. Leo wanasema kinyume. Kulala siku nyingi kunadhoofisha misuli, na maumivu yanazidi. Mwendo mdogo wa kila siku ni bora.

Kuhusu yoga yenyewe, mwaka 2017 watafiti wa Boston, Marekani, walitangaza matokeo ya kazi yao na watu 320 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu, wengi wao watu wa kipato kidogo. Wengine walifundishwa yoga kwa majuma 12, wengine walipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, wengine walipewa kitabu cha mashauri. Yoga ilisaidia sawa na yule mtaalamu, na watu wa makundi hayo mawili walimeza vidonge kidogo kuliko wale wa kitabu. Muujiza hapana: maumivu yalipungua, hayakuisha kwa wote. Lakini fikirini: mtaalamu wa viungo kwa wengi wetu maana yake ni safari mpaka Kisangani. Mkeka tunao nyumbani.

Na vidonge vile vya sokoni, diklofenaki na indosidi, ambavyo tunanunua viwili viwili bila kuuliza muuguzi, vikizoeleka vinachoma tumbo mpaka kutoa damu, vinaharibu figo, na mama mwenye mimba asivimeze bila muganga kumwandikia.

Basi hapa kuna minne ambayo kila mama anaweza, asubuhi kabla ya kuwasha moto ao jioni watoto wakilala. Piga magoti juu ya mkeka, mikono chini kama mtoto anayetambaa. Vuta pumzi, acha tumbo lishuke, inua kifua; toa pumzi, inua mgongo juu kama paka anayeona mbwa. Mara kumi, polepole. Kisha kaa juu ya visigino, inama mpaka kipaji kiguse mkeka, mikono mbele, upumue hapo mara tano ao sita. Hii inalegeza kiuno vizuri sana baada ya siku ya shamba. Tatu, lala chali, kunja magoti, nyayo chini, inua matako pole kama daraja, hesabu mpaka tano, shusha. Hii ndiyo inayorudisha nguvu ya matako na ya nyuma ya mapaja, na mimi naipenda kuliko zote kwa sababu haihitaji ujuzi. Ya nne ni ya mtu wa mtumbwi: simama, miguu iachane, kunja magoti kidogo kama unataka kukaa kwenye kiti, mikono mbele, hesabu mpaka kumi. Mapaja yatatetemeka. Ndiyo hayo yanayotakiwa kuinua bidoni, si kiuno.

Mazoezi yavute, yasichome. Mahali panapochoma, rudi nyuma kidogo. Mama mwenye mimba asilale kifudifudi, na miezi ikiwa mikubwa asikae chali muda mrefu, paka anamtosha. Aliyejifungua kwa kupasuliwa aulize kwanza kituo cha afya.

Sasa neno la dini, kwa sababu najua litasemwa kanisani. Ni kweli, yoga imetoka India, na kule wengine wanaifanya pamoja na sala zao. Lakini kuinua mgongo kama paka si sala kwa mtu yeyote. Mwaka 2014 Umoja wa Mataifa ulichagua tarehe 21 Juni kuwa siku ya yoga ya kimataifa, na inaadhimishwa na watu wa kila imani. Huko Nairobi, tangu 2007, Africa Yoga Project inafundisha vijana wa mitaa ya watu wadogo kuwa walimu wa mazoezi haya. Mama ambaye jina linamtia wasiwasi aite "kujinyoosha", kama tunavyofanya na watoto shuleni kwenye somo la jimnastiki. Ukitaka, omba sala yako mwenyewe wakati umeinama pale juu ya visigino. Nafasi ni nzuri.

Lakini kuna jambo ambalo binti wa Kanada hana haja ya kulisema, na sisi tunayo. Yeye mzigo wake ni ubao, anaubeba siku anayotaka. Mama wa hapa anabeba kila siku, na mkeka haupunguzi hata kilo moja ya kitunga. Tukisema "fanyeni yoga" halafu tukaacha kitunga kiwe kilekile, tunamdanganya mama. Kwa hiyo nyumbani lazima tuseme. Bidoni mbili za lita 10, moja kila mkono, hazimpindi mtu kama moja ya 20. Mihogo inaweza kurudi kwa safari mbili, ao juu ya baiskeli. Kisangani toleka inabeba mtu mzima na gunia lake, na baiskeli za hapa kwetu zinabeba mawese mpaka mbali. Mbona mihogo ya nyumbani lazima ipande mgongo wa mama? Baba aliye na baiskeli, na vijana wa kiume ambao wanacheza mpira saa mbili bila kuchoka, nao wana migongo. Na msichana wa miaka kumi asipewe kitunga cha mama yake. Ninawaona darasani, wanakaa wamejipinda.

Kuna maumivu ambayo si ya mkeka. Mguu ukifa ganzi ao kukosa nguvu, mkojo ao choo kikikupita bila kujua, ganzi ikifika sehemu za siri, hayo ni ya hospitali siku hiyohiyo. Maumivu yanayokuamsha usiku pamoja na homa, jasho na kukonda, nenda ukapimwe, maana kifua kikuu kinaweza kushika hata uti wa mgongo. Mgongo unauma na mkojo unachoma: kituo cha afya. Mgongo ulioanza kuuma baada ya kuanguka kutoka juu, vilevile.

Siku ya posho, nusu saa kabla ya mkutano, tutajaribu hii minne pamoja, mlango umefungwa. Kila mama alete mkeka ao kitenge cha zamani, na avae suruali ndani ya liputa ili daraja lisitupe aibu.