Mwenye Amri Ndani ya Tangi: Kuusoma Mwenendo wa Samaki Klauni



Wasomaji wetu wapenzi, tangi la samaki limekuwa pambo la sebule katika nyumba nyingi za mwambao wetu, na samaki ambaye watoto huwa wepesi kumwomba ni yule mdogo wa rangi ya machungwa mwenye mikanda mitatu myeupe. Tangu ilipotoka filamu ya Finding Nemo mwaka 2003, watoto humwita Nemo. Sisi hapa tutamwita samaki klauni. Huletwa nyumbani kwa furaha, kisha baada ya siku chache wazazi huanza kuingiwa na shaka: mbona mmoja anamfukuza mwenzake? Mbona usiku amelala ubavu kama aliyekufa? Mbona amemuuma mtoto kidole?

Jambo tunalotaka kulieleza wiki hii ni moja. Mengi katika mwenendo wa samaki huyu yanayofanana na ugomvi au ugonjwa ni nidhamu ya jamaa yake, na asiyeijua nidhamu hiyo huingilia kati kwa nia njema akasababisha mauti. Samaki wa baharini akifukuzwa ana pa kukimbilia. Wa tangini hana. Aliyemfungia kiumbe ndani ya kioo amebeba amana yake yote, tangu chakula hadi pumzi.

Baharini, samaki klauni huishi ndani ya anemoni, mnyama laini mwenye vishikizi vinavyochoma kama upupu. Ute wa ngozi yake humkinga asidhurike, ilhali maadui zake huogopa kusogea. Hata sisi tunao jamaa zake katika miamba yetu: mmoja ana mwili wa hudhurungi na mikanda miwili myeupe, na mwingine ana rangi ya waridi iliyochanganyika na machungwa, na mstari mmoja mweupe unaopita mgongoni. Yule wa mikanda mitatu anayeuzwa madukani asili yake si huku. Ni wa bahari za mashariki, kama zile za Indonesia na Ufilipino.

Kila anemoni ni nyumba, na kila nyumba ina daraja zake. Mkubwa kuliko wote ni jike, naye ndiye mwenye amri. Anayemfuatia kwa ukubwa ni dume lake. Walio chini yao ni wadogo wasiozaa, nao wamepangika kwa kimo, kila mmoja akijua aliye juu yake. La kustaajabisha ni kwamba samaki hawa wote huanza maisha wakiwa madume. Jike akifa, dume lake hubadilika likawa jike, na mdogo aliyekuwa wa kwanza katika foleni hupanda akawa dume. Mabadiliko hayo hayarudi nyuma: aliyekwisha kuwa jike hawi dume tena. Tena mwaka 2003 ilichapishwa taarifa ya utafiti uliofanywa katika bahari ya Papua New Guinea, ikionyesha kwamba wadogo hujizuia kukua ili wasimkaribie kimo aliye juu yao, kwa kuwa anayeonekana kushindana hufukuzwa, na kufukuzwa kutoka kwenye anemoni ni kutolewa mbele ya midomo ya samaki wakubwa.

Tukilijua hilo, tunayoyaona sebuleni hupata maana. Mkubwa anapomsogelea mdogo kwa ghafla, naye mdogo akatetemeka mwili mzima au akajilaza kidogo ubavu, hapo hakuna anayeumwa wala anayeteswa. Mdogo anasema, kwa lugha yake, kwamba amekubali. Mkubwa huridhika akaondoka. Wakati mwingine husikika hata mlio mdogo wa kugongana, kwani samaki hawa hutoa sauti kwa kufunga taya zao kwa nguvu. Heshima ikishatolewa, nyumba hutulia.

Kosa kubwa basi huwa katika kununua. Anayenunua samaki wawili wakubwa, kila mmoja kutoka tangi lake, huenda amenunua majike wawili, na majike wawili hawakai nyumba moja. Watapigana hadi mmoja afe. Lililo salama ni kuchukua wawili wachanga, mmoja akiwa mkubwa kidogo kuliko mwenzake, na kuwaachia wapange daraja zao wenyewe katika tangi la lita 80 au zaidi. Wakishakuwa jozi, msiwaletee wa tatu kwa kuwaonea huruma kwamba ni wapweke. Wawili hao wametosheka, na mgeni huyo atasukumwa pembeni, atanyimwa chakula, na mapezi yake yatatafunwa. Mkiona mmoja amejificha kutwa nzima na mapezi yameraruka, hapo si nidhamu tena. Mtenganisheni siku hiyo hiyo.

Yako mengine yasiyopaswa kututisha. Samaki klauni huogelea kwa kuyumbayumba, kana kwamba amechoka. Ndiyo mwendo wake. Usiku hulala akielea katika pembe moja, pengine ubavu ubavu, naye hurudi sawa mapambazuko. Asipokuwa na anemoni, hujichagulia pampu, jiwe au kona, akajisugua na kupalinda hapo kama kwao. Msikimbilie kumnunulia anemoni, kwani mnyama huyo anahitaji mwanga mkali na tangi lililokomaa kwa miezi kadhaa, na akifa huyachafua maji yote. Samaki klauni huishi vizuri bila yeye. Na yule anayeuma mkono unaosafisha tangi kwa kawaida ni jike anayelinda nyumba yake, hasa wakati wa mayai.

Mayai hayo hutagwa juu ya jiwe lililosafishwa kwa midomo, nayo huangaliwa zaidi na baba. Huyapepea kwa mapezi ili yapate hewa, na huyala yaliyoharibika ili yasiambukize mazima. Kwa hivyo mtoto akipiga kelele kwamba baba anawala wanawe, mwelezeni. Huanguliwa baada ya wiki moja au zaidi kidogo, usiku, giza likishaingia. Watafiti wa Australia walichapisha mwaka 2019 kwamba mayai yaliyomulikwa taa usiku kucha hayakuanguliwa hata moja. Hili lina funzo hata pasipo mayai: taa ya tangi izimwe usiku, kwani viumbe hawa nao wanahitaji usiku wao.

Sasa tutazame dalili ambazo hazifai kungojewa. Samaki anayehema kwa kasi, anayeganda juu ya maji akitafuta hewa, aliyebana mapezi mwilini, aliyefunikwa na utando mweupe kama maziwa, au aliyekataa chakula siku ya pili, huyo ni mgonjwa au maji yake yameharibika. Anzeni na maji. Mkojo na mabaki ya chakula huzaa amonia, sumu isiyoonekana kwa macho, na bakteria wa kuimaliza huchukua wiki nne hadi sita kujijenga katika tangi jipya. Ndiyo sababu tangi huandaliwa kwanza na samaki hufuata baadaye. Pimeni maji, badilisheni sehemu yake, na msimimine dawa kwa kubahatisha.

Sisi wa pwani tuna mitihani yetu. Maji ya kuchotwa ufuoni yanaonekana kuwa ya bure, lakini ya karibu na bandari au mifereji ya mji hubeba uchafu, na wakati wa masika maji ya mito huipunguza chumvi ya bahari. Maji yakipungua tangini kwa joto, msiongeze ya chumvi: kinachokwenda hewani ni maji peke yake, chumvi hubaki, hivyo hujaziwa maji matamu yasiyo na klorini. Katika miezi ya joto kali tunzeni kipimajoto. Nyuzi 25 hadi 27 za selsiasi ndizo zinazomfaa. Na umeme ukikatika, pampu husimama na hewa ikapungua majini, basi kuweni na pampu ndogo ya betri, na msiwalishe mpaka umeme urudi.

Samaki klauni aliyetunzwa vyema huweza kuishi zaidi ya miaka kumi, pengine ishirini. Mtoto wa darasa la pili anayemwomba leo huenda akawa amemaliza shule, na samaki bado yupo. Basi familia na ijiulize kabla ya kununua: nani atamwangalia tukisafiri kwa Idi? Nani atamlisha mtoto akishachoka naye? Mkishindwa, mrudisheni dukani au mpeni anayejua kulea. Msimwachie baharini, kwani huko si kwao, na maradhi yake yaweza kuwadhuru wa huko. Kadhalika msiwachukue wa kwetu kutoka hifadhi za bahari kama Watamu, Malindi na Kisite, ambako ni marufuku kutoa kiumbe chochote.

Wakati wa kulisha, mwekeni mtoto mbele ya kioo dakika tano, kabla hajatia chakula, aseme alichokiona: nani ametangulia, nani ametetemeka, nani hajaja. Mtoto aliyezoea kuangalia hivyo atakuwa wa kwanza kugundua siku ambayo mmoja hakuja kula, na mara nyingi siku hiyo huwa bado upo wasaa wa kumwokoa.