Trekta dogo katika mashamba ya Mwimbi: hesabu ya siku za kazi itangulie nguvu za farasi

Kwa mkulima wa Mwimbi, Wilaya ya Kalambo mkoani Rukwa, mwenye ekari 10 za mahindi, maharage na ulezi, msimu hutegemea wiki chache. Mvua za uwanda wa juu wa Ufipa huanza kwa kawaida mwezi Novemba na kumalizika Aprili, na shamba linalochelewa kulimwa huchelewa kupandwa. Plau ya maksai, ambayo imeutumikia mkoa huu kwa miaka mingi, hulima takribani nusu ekari hadi ekari moja kwa siku. Ndiyo maana trekta dogo, lenye nguvu za farasi kati ya 20 na 50, linawavutia wakulima wengi wadogo. Hata hivyo, lisipochaguliwa kwa hesabu, laweza kugeuka deni linaloishi muda mrefu kuliko mashine yenyewe.

Serikali imepunguza baadhi ya vikwazo vya umiliki wa zana hizi. Sheria ya Kodi ya Ongezeko la Thamani ya mwaka 2014 inasamehe kodi hiyo kwa matrekta ya kilimo. Mfuko wa Taifa wa Pembejeo ulianzishwa kisheria mwaka 1994 ili kukopesha wakulima, matrekta yakiwamo, na Benki ya Maendeleo ya Kilimo Tanzania (TADB) nayo inagharamia sekta hiyo. Aidha, Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inamwezesha mwananchi mwenye hati ya hakimiliki ya kimila kuitumia kama dhamana. Fursa hiyo ina uzito wake: anayeweka hati ya shamba rehani ili anunue trekta ameliweka shamba lenyewe mezani.

Kwa sababu hiyo, swali la kwanza halipaswi kuwa trekta lina nguvu kiasi gani, bali litafanya kazi siku ngapi kwa mwaka. Trekta dogo linalovuta plau ya visahani viwili yenye upana wa sentimita 60, kwa mwendo wa kilomita 5 kwa saa, hulima zaidi kidogo ya ekari 4 kwa siku ya saa 8, ukiondoa muda wa kugeuza na kurekebisha. Ekari 10 za kaya moja zitakwisha katika siku tatu. Katika siku 25 za maandalizi ya msimu, trekta hilo linaweza kulima ekari 100, yaani mashamba ya kaya 10 za namna hiyo. Hesabu hii inaonesha kwamba hata trekta dogo ni mashine ya ujirani. Mkulima anayelinunua kwa ajili ya ekari zake peke yake atalipia mashine iliyoegeshwa karibu mwaka mzima, isipokuwa awe na kazi nyingine ya uhakika, kama vile kuvuta tela la mazao au kuendesha mashine ya kupukuchua mahindi.

Njia ya pili ni pawatila, ambayo nyingi zina nguvu za farasi kati ya 12 na 16. Mashine hizi ziliingia vijijini kwa wingi baada ya Serikali kuzindua azma ya Kilimo Kwanza mwaka 2009. Asili yake ni mashamba ya mpunga ya Asia, ambako udongo huwa umelowa na kulainika. Hulima takribani ekari 2 kwa siku penye udongo laini, lakini katika udongo mkavu na mgumu huchimba kwa kina kifupi na kumchosha mwendeshaji. Fundisho la kipindi hicho ni kwamba mashine nzuri katika mazingira fulani si lazima iwe nzuri katika mazingira mengine.

Mazingira ya Ufipa yana sifa mbili ambazo mnunuzi hapaswi kuzipuuza. Ya kwanza ni mwinuko. Sehemu kubwa ya uwanda huo iko kati ya mita 1,500 na zaidi ya 2,000 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo hewa ni nyepesi. Injini ya dizeli isiyo na turbo hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu zake kwa kila mita 300 za mwinuko. Trekta lililoandikwa nguvu za farasi 30 likifanya kazi kwenye mita 1,800 litabaki na nguvu zisizozidi 25. Kwa plau ya visahani viwili, ni salama zaidi kuanzia nguvu 35 hadi 45. Nguvu 25 hadi 30 zinatosha kwa haro nyepesi na tela.

Sifa ya pili ni kilimo chenyewe. Wafipa wana utaratibu wa asili wa ntumba, ambapo mvua zinapokaribia kwisha, nyasi mbichi hukusanywa na kufunikwa kwa udongo kuwa matuta ya mviringo yanayooza na kuurutubisha udongo. Msimu unaofuata matuta hayo hutawanywa na kupandwa. Utaratibu huo ulizaliwa katika udongo uliochoka kirahisi, na hekima yake haijapitwa na wakati. Mwenye trekta anaweza kuifuata kwa kulima mapema baada ya mavuno, udongo ungali na unyevu, na kufukia mabaki ya mazao badala ya kuyachoma. Akisubiri Oktoba, atakutana na ardhi ngumu, atatumia mafuta mengi zaidi na kuchakaza visahani mapema.

Baada ya nguvu na kazi, linafuata suala la matunzo. Rukwa ipo zaidi ya kilomita 1,000 kutoka Bandari ya Dar es Salaam, hivyo kipuri kisichopatikana Sumbawanga kinaweza kumgharimu mkulima wiki nzima ya msimu. Matrekta yaliyotumika yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani huwa na bei ya kuvutia na mengi yana uvutaji wa magurudumu manne, lakini maandishi yake ni ya Kijapani na baadhi ya vipuri vyake ni tofauti na vya matoleo ya nje. Kabla ya kulipa, mnunuzi aulize bei na upatikanaji wa chujio, klachi, pampu ya mafuta na matairi, na amtafute fundi aliyewahi kuifungua mashine ya aina hiyo. Kwenye miteremko, fremu ya kumkinga dereva trekta linapopinduka si pambo la kuondolewa ili kupunguza bei.

Gharama ya mafuta nayo inaweza kukadiriwa mapema, kwa kuwa Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) hutangaza bei kikomo kila mwezi. Mkulima anayepanga kulima kwa kukodisha ajumlishe mafuta, dereva, matengenezo na rejesho la mkopo, kisha agawanye kwa ekari alizo na uhakika nazo, si anazozitumaini. Bei itakayopatikana ikizidi ile ambayo jirani hulipa kwa trekta la kukodi, jibu limeshapatikana: kukodi ni nafuu kuliko kumiliki.

Kwa kaya nyingi za Mwimbi, hesabu hiyo itaelekeza kwenye umiliki wa pamoja, kupitia chama cha ushirika au kikundi kilichosajiliwa, chenye daftari la zamu, dereva mmoja aliyefunzwa na akiba ya matengenezo inayowekwa kabla ya faida kugawanywa. Wananchi wanashauriwa kumwona Afisa Kilimo wa Kata au wataalamu wa zana wa Halmashauri ya Wilaya kabla ya kusaini mkataba wowote, na kudai trekta lijaribiwe shambani, likiwa na zana yake, katika udongo ule ule litakaoulima.