Neno la Mhariri: Nani Anapiga Hesabu za Burat?

Mzazi wa Burat, Kaunti ya Isiolo, akisikia mwanawe ameitwa chuo kikuu kusomea hisabati, humpongeza, kisha huuliza: "Utafundisha shule gani?" Swali halina ubaya. Kwa mzazi aliyelipa karo kwa mbuzi na kwa vitunguu vya shamba la mfereji, kazi ni kitu chenye jina: muuguzi, mwalimu, askari, dereva. Hisabati haina jina la namna hiyo. Huwezi kutembea Isiolo mjini ukaona kibao cha ofisi kilichoandikwa "Mwanahisabati". Ndiyo maana kijana mwenye A ya hisabati hukimbilia kozi yoyote iliyobeba jina la kazi, na wengi wanaobaki kwenye hisabati hubaki kwa sababu pointi hazikuwafikisha kwingine.

Toleo hili linafunguliwa kwa dai tofauti. Kazi ya hisabati ipo Burat, tena imekuwepo muda mrefu, na inaamua mambo mazito kuliko mengi yanayoamuliwa barazani. Ila inafanywa na watu walio mbali. Anayepanga shahada ya hisabati akitokea hapa na aitazame kwanza hiyo kazi, ndipo achague chuo, kozi na masomo.

Chukua bima ya mifugo. Januari 2010 Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, pamoja na washirika wake, ilizindua huko Marsabit bima isiyomtuma mtu kuhesabu mizoga. Setilaiti hutazama malisho, na ukijani ukishuka chini ya kiwango kilichokubaliwa, wenye bima wa eneo zima hulipwa. Aliyeongoza kazi hiyo, mwanauchumi Mkenya Andrew Mude, alipata tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani mwaka 2016. Serikali nayo ilianzisha mpango wake mwaka 2015 kwa kuanzia Turkana na Wajir, na baadaye ukafika Isiolo.

Hesabu ya kwanza ya bima hiyo ni nyepesi ajabu. Jani bichi humeza mwanga mwekundu na kuurudisha ule wa infraredi ulio jirani nao. Toa mwekundu kwenye infraredi, gawanya kwa jumla ya yote mawili, utapata namba kati ya hasi moja na moja. Mwanafunzi wa sekondari anaiweza. Ugumu huanza baada ya hapo. Namba ya msimu huu ilinganishwe vipi na za miaka iliyopita? Mstari wa kulipa uwekwe wapi ili kampuni isifilisike na mfugaji asijione ameibiwa? Katika hesabu za bima hii ng'ombe mmoja ni sawa na mbuzi kumi, na ngamia mmoja ni sawa na ng'ombe 1.4. Je, ndivyo mfugaji wa hapa kwetu Leparua mwenyewe angepima mali yake?

Halafu kuna mti wa mathenge. Setilaiti huona kijani tu. Haijui kwamba kijani hicho ni mti unaobaki mbichi kiangazi kizima huku ng'ombe wakikonda kandokando yake. (Watu wa Marigat, Baringo, waliwahi kumpeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi, wakisema matunda ya mathenge ndiyo yaliyommaliza meno. Nimeona grafu nyingi zisizofikia ushahidi huo.) Pengo kati ya hasara inayoonekana kutoka angani na hasara inayoonekana bomani ndilo tatizo kubwa la bima ya aina hii, na wataalamu wameliandikia sana. Kulipunguza kunataka mtu mwenye takwimu za kiwango cha juu kichwani, ambaye pia akionyeshwa doa la kijani kwenye ramani anaweza kusema, "Hapo hakuna malisho, napajua." Mtu wa namna hiyo hapatikani kwa kutuma barua Nairobi. Analelewa.

Mfano wa pili una siasa zaidi. Mwaka 2020 Seneti iligombana kikao baada ya kikao juu ya fomula ya kugawia kaunti fedha. Iliyopita mwishowe, mwezi wa Septemba, iliipa idadi ya watu uzito wa asilimia 18, afya 17, umaskini 14, ukubwa wa ardhi 8, na fungu la kugawana sawasawa asilimia 20. Isiolo ilihesabiwa watu 268,002 katika sensa ya 2019, nao wametawanyika katika ardhi ambayo basi huivuka mchana kutwa. Sogeza pointi mbili kutoka kwenye ardhi uzitie kwenye idadi ya watu, na kuna zahanati isiyojengwa. Mwaka ule tulisikia hotuba nyingi kuliko majedwali.

Kwa hiyo kijana akiniuliza hisabati itamlisha nani, namrudishia swali: hesabu gani ya nyumbani inakukera? Akiwa na jibu, hata likiwa bovu, mpango wake tayari una mahali pa kuanzia.

Mpango wenyewe basi. Kwa wale wa Kidato cha Tatu na cha Nne, lango ni KUCCPS, huduma inayowapangia wanafunzi vyuo na kozi, na lango hilo lina hesabu yake. Kwa miaka mingi pointi za kozi zimepatikana hivi: alama za masomo manne yanayohusiana na kozi hugawanywa kwa 48, jumla ya alama za masomo saba hugawanywa kwa 84, majibu mawili yanazidishwa, unatafutwa kipeo cha pili, kisha inazidishwa kwa 48. Mwenye 40 katika masomo manne na 60 katika yote saba anapata takriban 37. Akiongeza alama sita katika yale masomo mengine matatu aliyoyadharau, hisabati yake ikibaki palepale, anafika karibu 38.8. Wapenzi wa hisabati wana tabia ya kulidharau somo la Historia. Fomula hii inawatoza kwa dharau hiyo.

Kosa kubwa zaidi hufanyika kwenye saiba mjini, usiku wa mwisho kabla ya mtandao kufungwa, pale kozi inapochaguliwa kwa uzuri wa jina. Sayansi ya hesabu za bima ndiyo inayovutia wengi, na si vibaya. Lakini mtahiniwa afahamu kwamba cheti cha chuo hakimfanyi mtu kuwa mtaalamu kamili wa fani hiyo. Kuna mitihani ya chama cha wataalamu, mingi, inayochukua miaka na kulipiwa kwa fedha za kigeni, na wahitimu wa baadhi ya vyuo husamehewa karatasi chache tu. Mitihani hiyo hiyo, mwenye shahada ya hisabati au ya takwimu naye anaweza kuifanya. Tofauti ya kozi hizi tatu ni ndogo katika mwaka wa kwanza na kubwa katika wa tatu. Omba orodha ya masomo ya miaka yote minne kabla ya kuchagua. Kama hakuna somo hata moja la kuandika programu, wala la takwimu baada ya mwaka wa pili, uliza tena. Na kozi nzuri haimlazimu mtu kuvuka Mlima Kenya: Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopo Nchiru na kilichopata hati yake mwaka 2013, kinafundisha hisabati pamoja na sayansi ya kompyuta.

Nataka kukaa kidogo kwenye mwaka wa pili, kwa sababu hapo ndipo wengi huumia na hakuna anayewaonya. Mwaka wa kwanza hudanganya. Kalkulasi yake ni ndugu ya ile ya sekondari, na aliyezoea kukokotoa anaendelea kukokotoa. Kisha zinakuja aljebra dhahania na uchanganuzi halisi, na swali linaacha kusema "tafuta" linaanza kusema "thibitisha". Mwanafunzi aliyekuwa wa kwanza kijijini kwao anakaa na mistari minne ya karatasi siku tatu. Anadhani ameishiwa akili. Hajaishiwa, ameanza kazi nyingine ambayo shuleni hakuonyeshwa hata siku moja, na haisaidiki kwa kukariri maswali ya mitihani iliyopita. Inasaidika kwa watu watatu kukaa kwenye meza moja na kubishana mpaka mmoja akubali kwamba hatua ya tano haifuati kutoka ya nne. Ubishi wa aina hiyo tunao kwa wingi huku kwetu. Tatizo ni kwamba mtoto wa Burat akifika chuoni huwa mpweke, na aibu humzuia kuonyesha karatasi tupu.

Mwaka huohuo wa pili ndio wa kuchagua mwenza wa hisabati. Hisabati peke yake hufungua mlango wa uzamili na wa kufundisha. Ikiwa na mwenza hufungua mingi. Mwenza anaweza kuwa kompyuta (lugha za programu za R na Python ni bure, kinachotakiwa ni muda na mashine), anaweza kuwa uchumi, afya ya jamii, hali ya hewa, hata maji. Profesa Verdiana Masanja, mwanamke wa kwanza wa Tanzania kupata uzamivu wa hisabati, aliandika tasnifu yake Berlin juu ya mwendo wa kiowevu ndani ya bomba. Mkulima wa kandokando ya mto Isiolo anayegombea zamu ya maji na jirani wa juu angemsikiliza kwa makini.

Likizo ndefu zitumike kupata mazoezi ya kazini, na hapa kijana wa Isiolo ana bahati asiyoijua. Mamlaka ya Kitaifa ya Kukabiliana na Ukame, NDMA, hutoa taarifa ya kaunti kila mwezi: hali ya malisho, bei ya mbuzi, bei ya mahindi, kilomita ambazo mifugo hutembea hadi majini, kipimo cha mkono wa mtoto. Kuna namba za miaka humo. Ofisi ya takwimu, idara ya mifugo na sacco za mjini nazo zina daftari zinazosubiri mtu wa kuzisoma kwa utaratibu. Mwanafunzi aliyetumia miezi mitatu kusafisha data za soko la mifugo ana jambo la kumwambia mwajiri. Mwenye alama nzuri tupu ana karatasi.

Juu ya ualimu nitasema machache, maana wazazi wanaujua. Anayejua kwa hakika kwamba atafundisha na achukue shahada ya elimu, hisabati pamoja na somo la pili. Asiye na hakika achukue sayansi na aongeze baadaye diploma ya uzamili katika elimu. Atapoteza muda zaidi lakini atabaki na milango miwili, mradi awe na masomo mawili ya kufundishia yanayokubalika na tume ya kuajiri walimu, TSC. Kinachoniudhi ni kusikia ualimu ukitajwa kama adhabu ya aliyekosa kwingine. Anayetaka kuendelea na hisabati yenyewe na hana fedha ajue jina la AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za hisabati iliyoanzia Cape Town mwaka 2003 na ambayo tangu 2016 ina kituo Rwanda. Uzamili wake hufadhiliwa.

Kurasa zinazofuata zinaingia ndani zaidi ya haya, pamoja na mfumo wa ufadhili ulioanza 2023 unaowagawa wanafunzi kwa uwezo wa familia, jambo ambalo kwa familia yenye mali ya miguu minne lina utata wake.

Limebaki jambo la dharura. KCSE, mtihani wa Kidato cha Nne, itafanywa kwa mara ya mwisho 2027. Nyuma ya watahiniwa hao, Januari 2026, wameingia wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 10, mwanzo wa sekondari pevu ya mtaala mpya, na kwao uamuzi unafanywa mapema zaidi. Mpango wa awali ungewaruhusu wasiochagua sayansi kuiacha hisabati kabisa. Baada ya malalamiko mengi, mwaka 2025 Wizara ya Elimu iliirudisha kwa wote, lakini kwa sura mbili: moja ya kina kwa walio katika mkondo wa sayansi, nyingine nyepesi kwa walio katika mikondo mingine. Mtoto wa miaka kumi na mitano akiingia ile nyepesi, shahada tuliyoizungumzia hapa inakuwa mbali naye. Kwa hiyo mzazi anayepokea orodha ya shule za sekondari pevu asiulize tu bweni liko wapi na karo ni kiasi gani. Aulize kama shule hiyo ina mkondo wa sayansi kweli, kama ina mwalimu wa hisabati aliyeajiriwa na TSC au ni wa kulipwa na wazazi muhula kwa muhula, na mwalimu huyo akihama, ni nani atakayeshika chaki.